Barua ya wazi kwa wakuu wa tamthilia wa KBS: mturudishie Mfalme Hyeonjong

Kwenu wakuu wa tamthilia, KBS, shirika la utangazaji la Korea Kusini, Yeouido, Seoul.

Salaam kutoka Tabora, Tanzania.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo mimi na baba yangu tuliitazamia tamthilia yenu ya vita vya Goryeo, ufalme wa kale wa Korea, na Wakhitani, watu wa dola ya Liao iliyokuwa kaskazini yake, vipindi vyote 32 mlivyovirusha kuanzia Novemba 11, 2023 hadi Machi 10, 2024. Wa kuwasomea hamtamkosa. Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, huko huko kwenu, kinafundisha Kiswahili. Nimeiacha barua wazi ili na wenzangu wanaopenda tamthilia za Kikorea waisome, waseme kama nimewaonea.

Baba ana miaka 70. Ni askari mstaafu, alikuwa kwenye Vita vya Kagera akiwa kijana, na tangu nizaliwe sijamsikia akivisimulia vita vile kwa zaidi ya sentensi mbili tatu. Kiingereza hasomi. Basi remoti nilishika mimi: nasoma maandishi ya chini, nasimamisha, namfasiria, naachia tena. Kipindi cha saa moja kilitumaliza saa mbili. Hakuwahi kulalamika. Kila jeshi lilipojipanga uwanjani aliuliza swali moja tu, "Hawa wamekula nini asubuhi?", na mara nyingi sikuwa na jibu la kumpa.

Nianze na sifa, maana mnazistahili.

Kang Jo mlimtendea haki. Mwaka 1009 jenerali huyu alimpindua Mfalme Mokjong, akamuua, akamweka kijana Hyeonjong kwenye kiti. Mfalme Mkuu wa Wakhitani, Yelü Longxu, akapata kisingizio alichokuwa akikitafuta, na mwishoni mwa 1010 akavuka Mto Amnok, mpaka wa kaskazini, yeye mwenyewe akiwa na jeshi lililotangazwa kuwa la watu 400,000. Kang Jo akatoka kumkabili na watu 300,000 huko Tongju. Alishinda mwanzoni, kwa magari yaliyofungwa mapanga, kisha akalewa ushindi, akakaa kucheza mchezo wa bao la kwao wakati adui anakuja. Akakamatwa. Kumbukumbu zinasema Longxu alimtaka awe mtumishi wake, naye akajibu kwamba yeye ni mtu wa Goryeo, atakuwaje tena mtumishi wa mwingine. Wakamkata nyama ya mwili, jibu likawa lile lile.

Lee Won-jong aliigiza hayo mpaka baba akasogeza kiti. Hamkumsafisha Kang Jo damu ya mfalme wake, na hamkumnyima ujasiri wake wa mwisho. Mtu mmoja alibeba yote mawili. Nilifasiri, kisha nikanyamaza, na baba akasema, "Huyo mkosaji, mama, lakini si mwoga." Ndivyo anavyoniita akiwa ameguswa, mama.

Halafu mkatuletea Yang Gyu, kamanda wa ngome ya mpakani.

Kabla ya tamthilia hii sikuwa nalijua hata jina lake. Nilipotafuta habari zake baadaye niligundua kwamba hamkulazimika kuongeza chumvi. Ngome yake ya Heunghwajin ilizingirwa na jeshi zima la Longxu, ikashikilia. Wakhitani wakaleta barua ya kughushi yenye jina la Kang Jo, ikimtaka ajisalimishe. Yang Gyu akajibu kwamba yeye amepokea amri ya mfalme, hakupokea ya Kang Jo. Wakampita, wakaendelea kusini. Yeye akatoka ngomeni na watu 700, akaokota wengine 1,000 kutoka Tongju, akaingia Gwakju usiku na kuikomboa, akawahamisha watu 7,000 waliokuwa ndani.

Kisha ukaja ule mwezi wa kwanza wa 1011. Wakhitani wanarudi kwao, wameuchoma mji mkuu wa Gaegyeong, wanaswaga mateka kama mifugo, na Yang Gyu yuko njiani anawavizia. Hapa 3,000 wanafunguliwa kamba. Pale 1,000. Kwingine tena. Ndani ya mwezi mmoja mapigano saba, na waliorudi makwao kwa mkono wake ni zaidi ya 30,000. Hakupigania ardhi, kwa maana ardhi adui alikuwa anaiacha. Hakuwa na amri mpya kutoka kwa mfalme, kwa maana mfalme alikuwa mbali kusini akikimbia. Alipigania watu waliofungwa kamba shingoni. Huko Aejeon jeshi kuu la Longxu lilimkuta yeye na Kim Suk-heung, wakapigana siku nzima mpaka mishale ikaisha na watu wakaisha.

Kipindi cha 16. Ji Seung-hyun, mwigizaji wa Yang Gyu, amesimama, mwili umejaa mishale, bado anamtazama Mfalme Mkuu. Sikuweza kufasiri, na wala hakukuwa na cha kufasiri. Baba alisimama kwenye kiti chake, mikono ubavuni, kama askari anavyosimama bendera inaposhushwa. Alikaa hivyo mpaka majina ya mwisho yalipokwisha kupita. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, alinitajia jina la mwenzake aliyebaki Uganda mwaka 1979. Jina hilo ni lake, siliandiki hapa. Ila mjue kwamba mlilitoa ninyi kifuani mwake, baada ya miaka 45, na kwa hilo nitawashukuru maisha yangu yote.

Sasa mnielewe kwa nini nilikasirika wiki moja baadaye.

Kipindi cha 18. Kang Gam-chan, ofisa mzee na mshauri wa Hyeonjong, amegombana na mfalme. Hyeonjong anapanda farasi akiwa amefura, anampiga mbio, nusura agongane na mkokoteni, anaanguka chini. Baba akanigeukia: "Hilo nalo limeandikwa?" Baada ya Yang Gyu alikuwa ameshaamini kwamba kila tunachoonyeshwa kimetoka mahali. Nikamwambia nitatafuta. Nilitafuta siku mbili. Katika Goryeosa, kumbukumbu za enzi ya Goryeo zilizokamilishwa mwaka 1451, hakuna mfalme anayeanguka farasi kwa hasira. Nilirudi kumwambia baba, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyegundua kwamba shahidi aliyemwamini anaongeza maneno.

Watazamaji wa kwenu walipeleka malori yenye mabango mbele ya ofisi zenu Januari ile. Mwandishi wa riwaya mliyoitegemea naye alilalamika hadharani. Sina haja ya kurudia yote waliyoyasema. Langu ni moja: mlikuwa na mfalme mkubwa mkononi, mkamfanya mdogo ili mzee aliye pembeni yake aonekane mrefu. Kang Gam-chan hakuhitaji msaada huo. Na Choi Soo-jong aliyemwigiza, ambaye aliwahi kumwigiza Wang Geon mwenyewe, mwasisi wa Goryeo, hakuuhitaji hata kidogo.

Naelewa mlichokuwa mnatafuta. Mlitaka tumwone kijana akikosea, akifundishwa, akikua. Ni nia njema. Lakini kukua kwenyewe kulikuwa kumeandikwa tayari, na ni kukubwa kuliko farasi yeyote.

Mtazameni alikotoka. Amezaliwa 992 nje ya ndoa, mama yake akafa siku ya uzazi. Shangazi yake, Malkia Cheonchu, alimfungia hekaluni na akatuma watu wa kumuua, na mtawa mzee akachimba shimo chumbani, akamficha humo, akaweka kitanda juu. Huyo ndiye mtoto aliyeitwa kutawala. Hajakaa kitini miaka miwili, jeshi limevunjika Tongju, washauri wanasema tujisalimishe, na Kang Gam-chan peke yake anasema hapana, ondoka, nenda kusini, tutajipanga upya. Njia yote hadi mji wa Naju, kusini, ni aibu. Watumishi wanatoroka usiku. Watu wenye silaha wanauvamia msafara. Anaachana na malkia wake mjamzito njiani. Ofisa wake Ji Chae-mun, na askari wasiotimia hata mia, ndiye anayesimama kati yake na kifo. Nyuma yake ikulu inawaka, na nyumba za watu zinawaka.

Kim Dong-jun aliiigiza safari ile vizuri sana. Macho yake kwenye baridi yalimfanya baba aseme, "Mtoto wa watu." Nilidhani mmeiona thamani ya mlichonacho.

Kwa sababu sikilizeni kinachofuata kwenye kumbukumbu. Mwishoni mwa 1018 Wakhitani wanarudi, jenerali wao Xiao Paiya na watu 100,000. Anapita ngome zote bila kuzishughulikia, analenga mji mkuu moja kwa moja, akitumaini kwamba mfalme atakimbia tena kama alivyokimbia. Safari hii Hyeonjong hakimbii. Anaamuru watu wa nje ya ukuta waingizwe ndani na kila kinachoweza kumlisha adui kiondolewe, kisha anabaki mjini mwake anasubiri. Xiao Paiya anafika Singye, mwendo wa siku chache tu, anatuma wapanda farasi 300 kupeleleza. Askari 100 wa Goryeo wanawavamia usiku na kuwaua. Xiao Paiya anageuza.

Kijana aliyekimbia mwaka 1011 ni yule yule aliyebaki mwaka 1019. Alikua, na tunaona alivyokua bila mtu kumkaripia. Angekuwa amebaki mzima mikononi mwenu vile vipindi vya katikati, kubaki kwake kungetutoa machozi.

Kuna jingine lililoniuma kama mtoto wa askari. Mwaka 1014 maofisa wa jeshi, Kim Hun na Choe Jil, waliasi. Kwa nini? Kwa sababu serikali iliishiwa fedha za kuwalipa watumishi wake, ikachukua mashamba waliyopewa askari wa mji mkuu, watu wale wale waliotoka kuimwagia nchi damu. Mwaka uliofuata mfalme aliwaita waje mji wa Seogyeong, akawafanyia karamu, walipolewa wakauawa, 19 kwa idadi. Hiyo ndiyo habari ya vita ambayo tamthilia chache duniani huthubutu kuikalia: askari anarudi nyumbani, anakuta shamba lake si lake. Na mfalme mwema anaosha mikono kwa damu ya watu waliokuwa na haki ya kulalamika. Mngelikalia hilo vipindi vitatu vizima, polepole, nyumba kwa nyumba, mngetuonyesha Hyeonjong mgumu kumpenda na mgumu kumhukumu, kama mlivyofanya kwa Kang Jo. Badala yake njama za ikulu na ugomvi wa malkia wawili vilikula muda mwingi kupita kiasi. Wahusika wa kubuni siwakatai. Ila wasikalie kiti cha walioishi.

Na hili ndilo ninalotaka mlifikirie zaidi ya mengine. Moto wa 1011 uliunguza pia maandiko ya ikulu, kumbukumbu za wafalme saba waliotangulia. Hyeonjong aliamuru zikusanywe na kuandikwa upya. Nchi imebomoka, hazina tupu, mpaka wa kaskazini bado unatishwa, naye anataka yaliyopita yasipotee. Mfalme huyo, aliyejali kumbukumbu za wengine kiasi hicho, ndiye mliyemwandikia lisilomo.

Mtaniambia tamthilia si darasa. Ni kweli, na baba hakuja darasani. Lakini ninyi ni shirika la umma, na tamthilia hii mliitengeneza kuadhimisha miaka 50 ya kuwa hivyo. Kuna pia jambo ambalo sisi wa mbali tunaliona pengine kuliko ninyi mliolizoea. Heunghwajin, Tongju, Gwiju, Gaegyeong yenyewe ambayo leo ni Kaesong, kote huko kuko Korea Kaskazini. Mtoto wa Seoul anaweza kushuka kituo cha treni cha Nakseongdae akaona mahali ambapo inasemekana nyota iliangukia siku Kang Gam-chan alipozaliwa. Kwenda kusimama kando ya mto wa Gwiju hawezi. Njia imefungwa tangu babu yake. Kamera yenu ndiyo mlango pekee alionao, na mlango wa pekee haufai kumpeleka mtu kwenye nyumba ya kuchorwa.

Juu ya Gwiju, mahali pa pigano la mwisho na jeshi la Xiao Paiya, sina ugomvi mkubwa, nina njaa. Kang Gam-chan alikuwa mtu wa kalamu, aliyeongoza mtihani wa serikali wa mwaka 983. Akiwa na miaka 70 anakabidhiwa watu 208,300. Huko Heunghwajin anaficha wapanda farasi 12,000 bondeni na kuziba kijito kwa ngozi za ng'ombe zilizofungwa kwa kamba nene, adui akiingia majini anaachia. Watu wengi huchanganya maji hayo na Gwiju, kumbe ni mahali pengine na wakati mwingine. Kwangu mimi ngozi zile zilistahili kipindi kizima. Nani alichinja ng'ombe wote hao? Nani alishona, usiku, kwenye baridi ya mwezi wa kumi na mbili? Maswali ya baba yameniambukiza.

Kisha siku ya mwisho, majeshi mawili yamesimama hayasukumani, na upepo na mvua vinageuka vinatoka kusini, bendera zote zinaelekea kaskazini, kamanda wa Goryeo Kim Jong-hyeon anatokea na kikosi chake. Kati ya watu 100,000 walirudi kwao elfu chache. Mfalme alitoka mwenyewe hadi Yeongpa kumpokea mzee, akamvika kichwani maua manane ya dhahabu. Vita hivyo vilipiganwa Machi 10, 1019, na kipindi chenu cha mwisho mkakirusha Machi 10. Nilipomwambia baba aliinamisha kichwa, akatabasamu. Nilitaka tu mbaki kwenye ile mvua muda mrefu zaidi.

Ninachowaomba mkitengeneza tamthilia nyingine ya vita ni hiki. Mwisho wa kila kipindi tupeni dakika mbili: hili limeandikwa, hili tumelibuni, na hili hakuna anayelijua. Hakuna atakayewacheka. Baba angekaa mbele ya dakika hizo mbili kama anavyokaa kwenye taarifa ya habari. Mkitaka mtu akue, msimpunguze kwanza kuliko alivyokuwa. Na msiwasahau wasio na majina. Kumbukumbu zinasema kwamba Hyeonjong alimwandikia mjane wa Yang Gyu kwa mkono wake mwenyewe na kuamuru apewe magunia 100 ya nafaka kila mwaka maisha yake yote. Huyo mama alikuwa wa ukoo wa Hong. Nawaombea siku moja mtuonyeshe anavyoipokea barua hiyo, mlangoni kwake, na nafaka ya mwaka wa kwanza ikishushwa, naye anajua ni bei ya nini.

La mwisho ni la lugha. Wachina waliwahi kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia yao moja, ikaonyeshwa na TBC mwaka 2011, na wazee waliokuwa hawasomi Kiingereza wakaitazama bila mkalimani. Ninyi nanyi mnaweza. Mkianza, anzeni na kipindi cha 16.

Baba ameniagiza niulize swali lake kabla sijatia sahihi. Amesikia kutoka kwangu habari za Seo Hui, yule aliyekwenda kambini kwa Wakhitani mwaka 993, akakaa chini na jenerali wao, na kwa maneno matupu akarudi na amani, na kwa maneno hayo Goryeo ikapata ardhi ya mashariki ya Amnok zilikokuja kujengwa zile ngome sita, Heunghwajin ikiwa mojawapo. Anauliza kama mnaye mtu wa kuiandika hiyo. Amesema ana muda, na macho bado yanaona.

Wenu,
Mtazamaji, na mfasiri wa baba yake,
Tabora